Mpiga kura asiyeridhishwa na mgombea yeyote wa urais afanyeje?

Kila uchaguzi mkuu unapokaribia, swali moja husikika kuanzia soko la Gakoromone mjini Meru hadi Runyenjes, Siakago na Kiritiri katika Kaunti ya Embu. Mkazi amehudhuria mikutano ya hadhara, amesikiliza redio na amesoma ahadi za vyama, lakini bado haoni mtu ambaye angempa kura ya urais kwa moyo mweupe. Mmoja anamwona mwepesi wa kuahidi, mwingine hana uzoefu, wa tatu amezungukwa na watu asiowaamini. Mwishowe husema, "Safari hii nitakaa nyumbani," au, "Nitapiga kura hizo nyingine, ya rais nitaiacha wazi."

Uamuzi huo ni haki yake. Kifungu cha 38 cha Katiba kinampa kila raia mtu mzima haki ya kusajiliwa na kupiga kura ya siri, na hakuna sheria ya Kenya inayomwadhibu asiyefika kituoni. Hata hivyo, kukaa nyumbani, kuacha karatasi wazi, kumchagua mgombea asiye na wafuasi wengi na kumchagua anayeonekana afadhali ni mambo manne tofauti. Kila moja lina matokeo yake katika hesabu, na baadhi ya matokeo hayo ni kinyume kabisa na alichokusudia mpiga kura.

Uchaguzi Mkuu ujao utafanyika Jumanne, Agosti 10, 2027. Makala haya yanaeleza hesabu hiyo ilivyo na jinsi mkazi anavyoweza kuwapima wagombea ambao hakuna anayempendeza. Hayampendekezi mgombea wala chama chochote, kwa kuwa sheria inawataka watumishi wa umma wasiegemee upande wowote katika siasa za uchaguzi.

Mshindi hupatikana vipi

Kifungu cha 138 cha Katiba kinaweka masharti mawili kwa anayetaka kuwa Rais. Kwanza, apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa. Pili, apate angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 au zaidi kati ya 47. Asipopatikana wa kutimiza masharti yote mawili, wagombea wawili walioongoza hurudi kwa wananchi katika duru ya pili ndani ya siku 30.

Masharti haya ni mapya kuliko wengi wanavyokumbuka. Katika miaka ya chama kimoja, Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969 na 1974, na Daniel arap Moi mwaka 1979, 1983 na 1988, walitangazwa bila kupingwa. Mpiga kura wa Meru au Embu aliweza kumwondoa mbunge wake, lakini hakuwa na karatasi ya kumchagua Rais. Vyama vingi viliporudi, uchaguzi wa 1992 ulimpa Rais Moi ushindi kwa takriban asilimia 36 ya kura, kwa sababu wapinzani wake waligawana kura zilizobaki na sheria haikudai nusu. Katiba ya 2010 ndiyo iliyoleta sharti la nusu.

Kenya haijawahi kufanya duru ya pili ya urais. Uchaguzi wa Oktoba 26, 2017 ulikuwa wa marudio, uliofanyika baada ya Mahakama ya Juu kubatilisha ule wa Agosti. Hata hivyo, nafasi ya duru ya pili ipo katika Katiba, na kwa mpiga kura asiyeridhika ina umuhimu mkubwa.

Karatasi iliyoachwa wazi

Wakazi wengi huamini kwamba karatasi iliyoachwa wazi, au iliyowekwa alama kwa wagombea wote, ni kura ya kupinga. Kwa kanuni za uchaguzi, karatasi hiyo ni kura iliyokataliwa. Haiendi kwa mgombea yeyote, na kwa uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2013, haiingii katika hesabu ya asilimia. Mahakama ilieleza kwamba nusu inayotajwa na Katiba ni nusu ya kura halali peke yake.

Mfano mdogo unaonyesha maana ya uamuzi huo. Tuseme watu 1,000 wamepiga kura. Mgombea wa kwanza amepata 480, wa pili 470 na wa tatu 50. Anayeongoza ana asilimia 48, hajafika nusu, kwa hiyo kuna duru ya pili. Sasa tuseme kati ya wale 50 wa mgombea wa tatu, 45 wanaamua kwamba hata yeye hafai na wanaacha karatasi wazi. Kura halali zinashuka hadi 955, na nusu yake ni 477 na nusu. Mgombea wa kwanza mwenye kura zile zile 480 amevuka nusu. Ikiwa ametimiza pia sharti la kaunti, ameshinda siku hiyo hiyo.

Hakuna aliyeongezewa kura hata moja. Waliokusudia kuonyesha kwamba hawamtaki yeyote wamepunguza kiwango ambacho anayeongoza alihitaji kukifikia.

Jambo la pili ni ujumbe wenyewe. Matokeo ya kila kituo hujazwa katika Fomu 34A, ambayo ndani yake kuna nafasi ya kuandika idadi ya kura zilizokataliwa. Hakuna nafasi ya kuandika sababu. Aliyeacha karatasi wazi kwa hasira, mzee aliyeweka alama mbili kwa kutoona vizuri na kijana aliyeandika jina lake kwenye karatasi wote wanakuwa nambari moja. Mwaka 2022 kura za urais zilizokataliwa nchini zilikuwa 113,614. Idadi hiyo ilizidi jumla ya kura za wagombea wawili wa mwisho, George Wajackoyah aliyepata 61,969 na David Mwaure aliyepata 31,987. Hakuna anayeweza kusema ni ngapi kati ya hizo 113,614 zilizokuwa malalamiko na ngapi zilikuwa makosa.

Baadhi ya nchi zimejaribu kutatua jambo hili. Nchini India, tangu mwaka 2013, mashine ya kupigia kura ina kitufe cha kusema "hakuna kati ya hawa," na kura hizo huhesabiwa na kutangazwa. Hata huko, mgombea aliyepata kura nyingi kuliko wenzake ndiye hutangazwa mshindi. Karatasi ya kura ya Kenya haina nafasi ya aina hiyo.

Aliyekosea kuweka alama bila kukusudia yuko katika hali tofauti. Kabla ya kutumbukiza karatasi ndani ya sanduku, anaweza kuirudisha kwa msimamizi wa kituo na kuomba nyingine.

Kukaa nyumbani

Katika uchaguzi wa Agosti 9, 2022, wapiga kura waliosajiliwa walikuwa 22,120,458. Walioshinda uvivu, mvua, foleni na mashaka wakafika kituoni walikuwa zaidi kidogo ya milioni 14.3. Takriban milioni 7.8 hawakupiga kura. William Ruto alitangazwa mshindi kwa kura 7,176,141, akifuatwa na Raila Odinga aliyepata 6,942,930. Yaani waliosajiliwa na wasipige kura walikuwa wengi kuliko waliomchagua mshindi, na bado hawakuwa na sauti katika matokeo.

Mshindi huyo alivuka nusu ya kura halali kwa takriban kura 69,600. Mwaka huo Kaunti ya Meru peke yake ilikuwa na zaidi ya wapiga kura 770,000 waliosajiliwa, na Embu zaidi ya 330,000. Tofauti iliyoamua kama nchi ingeenda duru ya pili ilikuwa ndogo kuliko sehemu moja ya kumi ya daftari la Meru. Mwaka 2013 tofauti ilikuwa finyu pia. Uhuru Kenyatta alipata asilimia 50.07 ya kura zote, ukijumlisha zilizokataliwa, na ziada yake juu ya nusu ilikuwa kura 8,000 na kidogo.

Wapo wanaosema kwamba watu wakigoma kwa wingi, uchaguzi utakosa uhalali. Marudio ya Oktoba 2017 yanatoa jibu. Raila Odinga alijiondoa, maeneo bunge 25 hayakupiga kura kabisa, na nchini kote walioshiriki walikuwa chini ya asilimia 39 ya waliosajiliwa. Matokeo yalitangazwa, Mahakama ya Juu iliyathibitisha Novemba 20, na Rais Kenyatta aliapishwa Novemba 28. Katiba ya Kenya haiweki idadi ya chini ya watu wanaopaswa kujitokeza ili uchaguzi wa urais uwe halali.

Ni kweli kwamba mgomo huo haukupita bila kusikika kisiasa. Miezi michache baadaye, Machi 2018, viongozi hao wawili walisalimiana hadharani na kuanza mazungumzo. Lakini huo ulikuwa mgomo uliotangazwa, wenye viongozi na madai yanayojulikana. Mkazi mmoja mmoja anayebaki shambani bila kumwambia mtu hajagoma kwa maana hiyo. Katika daftari anaonekana sawa na aliyekuwa mgonjwa, aliyesafiri au aliyesahau.

Kumchagua mgombea asiye na nafasi kubwa

Mara nyingi mpiga kura anaambiwa kwamba kumchagua mgombea mdogo ni kupoteza kura. Chini ya sheria za 1992 maneno hayo yalikuwa na uzito, kwa kuwa aliyeongoza alishinda hata bila kufika nusu. Chini ya Katiba ya sasa hali ni tofauti. Kura halali kwa mgombea yeyote huingia katika hesabu ya nusu. Inaongeza kiwango ambacho wanaoongoza wanapaswa kukifikia, na matokeo yakikaribiana, inaweza kuwapeleka duru ya pili.

Kwa hiyo mkazi anayeona kwamba mgombea mdogo ana sera bora ana sababu ya haki kumpa kura katika duru ya kwanza. Idadi hiyo itatangazwa kwa jina, tofauti na karatasi iliyokataliwa. Duru ya pili ikiitishwa, wawili waliobaki watalazimika kurudi kuwaomba kura wafuasi wa walioshindwa, na hapo ndipo wafuasi hao wanaweza kuuliza: tukikuunga mkono, utafanya nini kuhusu jambo letu?

Njia hii ina hatari yake, na mpiga kura anapaswa kuipima. Ikiwa kuna mgombea mmoja anayemwona hatari kwa nchi, na mgombea huyo anakaribia nusu, kura yake kwa mgombea mdogo itasaidia kumzuia katika duru ya kwanza, lakini haitamsaidia mpinzani mkuu kuongoza. Anayetaka zaidi ya yote kumzuia mtu fulani, na anayetaka kutuma ujumbe wa sera, wanaweza kufikia maamuzi tofauti na wote wawili wakawa wametumia kura zao vizuri.

Kiti hicho kinamgusaje mkazi wa huku

Baadhi ya wakazi husema Rais yuko mbali, Nairobi, na maisha ya Maua au Ishiara hayabadiliki akiingia huyu au yule. Ni kweli kwamba kazi nyingi za karibu ziko mikononi mwa kaunti: hospitali, masoko, barabara za vijijini, shule za chekechea, maji na huduma za kilimo. Lakini mambo mengine muhimu huamuliwa juu ya kaunti.

Miraa ni mfano mmoja. Uholanzi iliipiga marufuku mwaka 2013 na Uingereza ikafuata Juni 2014. Mwezi Machi 2020 Somalia, soko kubwa la miraa ya Meru, ilisimamisha ndege za mzigo huo, na wakulima wa Igembe na Tigania walisubiri hadi Julai 2022 soko hilo lilipofunguliwa tena. Hakuna gavana wala mwakilishi wa wadi mwenye mamlaka ya kujadiliana na serikali ya nchi nyingine. Mambo ya nje ni kazi ya serikali ya kitaifa, ambayo Rais ndiye kiongozi wake.

Muguka wa Embu ni mfano mwingine. Mei 2024 baadhi ya kaunti za Pwani, zikiwemo Mombasa na Kilifi, zilipiga marufuku uuzaji wake. Mahakama Kuu ya Embu ilisimamisha marufuku hayo kwa muda, na serikali ya kitaifa ikashikilia kwamba zao hilo linatambuliwa na sheria za nchi. Mkulima wa Mbeere aliona kwa macho yake jinsi pato la shamba linavyoweza kutegemea mahakama huru na msimamo wa serikali kuu. Anayeona muguka ni tatizo kwa vijana naye alikuwa na hoja ya kupeleka kwa serikali hiyo hiyo.

Kuna pia matibabu. Hospitali ya Rufaa ya Embu na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Meru zinaendeshwa na kaunti, lakini bima ya SHA iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024 ni ya sheria ya kitaifa. Kodi, mitihani ya shule, walimu, polisi na mikopo ya vyuo vikuu ni za ngazi hiyo pia.

Kuwapima wagombea wasiovutia

Wanachama wa chama cha ushirika cha kahawa wanapochagua kamati, hawatafuti mtu wanayempenda kuliko wote. Wanatafuta ambaye mizani ya kiwanda haitachezewa akiwa madarakani, ambaye hesabu zitasomwa, na ambaye akikosea ataweza kuondolewa. Kiti cha urais ni kikubwa zaidi, lakini namna hiyo ya kufikiri inafaa. Kuna hatua nne zinazoweza kumsaidia mkazi.

Hatua ya kwanza ni kuondoa kabla ya kuchagua. Badala ya kuuliza ni nani anayemvutia, mpiga kura aulize ni nani ambaye hawezi kumkubali kabisa, na kwa sababu gani. Huenda sababu ikawa rekodi ya ufisadi iliyothibitishwa, uchochezi dhidi ya jamii nyingine au kudharau amri za mahakama. Wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili. Wakiondolewa wasiokubalika, orodha hufupika na tofauti kati ya waliobaki huonekana vizuri zaidi.

Hatua ya pili ni kuchagua mambo matatu yanayogusa nyumba yake na kuwalinganisha waliobaki kwa hayo tu. Mkulima wa kahawa wa Manyatta anaweza kuchagua bei na madeni ya ushirika, karo ya chuo na gharama ya matibabu. Mfanyabiashara wa Nkubu anaweza kuchagua kodi, usalama na barabara kuu. Kwa kila jambo aulize: mgombea ameahidi nini hasa, fedha zitatoka wapi, na alipokuwa na mamlaka alifanya nini kuhusu jambo hilo? Ahadi isiyotaja fedha zinakotoka haina budi kupewa alama ndogo. Majibu yanaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Mara nyingi mgombea asiyependwa huonekana bora kwa mambo mawili kati ya matatu, na hiyo ni sababu ya kutosha kumpa kura bila kumshangilia.

Hatua ya tatu ni kuangalia anaokuja nao. Kila mgombea hutaja mgombea mwenza, ambaye ndiye huchukua kiti kiti cha Rais kikibaki wazi. Rais huteua mawaziri, makatibu wa wizara na mabalozi, kwa idhini ya Bunge la Kitaifa. Mpiga kura anaweza kutopenda hotuba za mgombea lakini akaona timu yake ina watu wanaojua kazi, au kinyume chake.

Hatua ya nne ni kuuliza kama mgombea anakubali mipaka. Je, aliposhindwa uchaguzi alienda mahakamani au aliwatuma vijana barabarani? Je, akikosolewa na vyombo vya habari hujibu hoja au hutisha? Sera mbaya inaweza kubadilishwa baada ya miaka mitano. Kiongozi asiyekubali kuwekewa mipaka ni vigumu zaidi kumbadilisha.

Katika hatua hizi zote, ushauri wa wengine una nafasi yake. Wazee wa Njuri Ncheke, viongozi wa dini, vyama vya ushirika na wazazi wana haki ya kutoa maoni. Lakini kura ni siri kwa mujibu wa Katiba, na mwenye kuishika kalamu ni mmoja. Mke hana wajibu wa kumwonyesha mume alivyochagua, wala kijana hana wajibu kwa baba yake. Anayetoa au kupokea fedha kwa ajili ya kura anavunja sheria.

Karatasi nyingine tano

Anayeamua mwishowe kuiacha karatasi ya urais bado ana sababu ya kufika kituoni. Siku hiyo hiyo hupewa karatasi sita, na tano kati yake ni za gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike na mwakilishi wa wadi. Meru ina maeneo bunge tisa na wadi 45. Embu ina maeneo bunge manne na wadi 20.

Viti hivi huamuliwa kwa kura chache, na havina duru ya pili. Mwaka 2017 ugavana wa Embu uliamuliwa kwa tofauti ya chini ya kura 1,000. Uchaguzi mdogo wa ubunge wa Mbeere Kaskazini, Novemba 27, 2025, uliamuliwa kwa tofauti ya chini ya kura 500. Familia chache za kijiji kimoja zilizobaki nyumbani zingetosha kulibadilisha jina la aliyetangazwa.

Viti hivi pia ndivyo vinavyomwekea Rais mipaka. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipitishwa na wabunge kwa kura 195 dhidi ya 106, na Rais akakataa kuutia saini siku iliyofuata, baada ya maandamano. Wabunge walipiga kura zao, na kumbukumbu ipo. Mpiga kura anayehofia kwamba Rais yeyote atakayeingia atapita kiasi anaweza kutafuta mbunge na seneta wenye uti wa mgongo.

Wanasiasa huwahimiza wafuasi wao wavae "suti", yaani wachague wagombea wa chama kimoja kutoka juu hadi chini. Hakuna sheria inayolazimisha hivyo. Mwaka 2022 wapiga kura wa Meru walimpa mgombea urais wa UDA kura nyingi, lakini ugavana wakampa mgombea huru. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu yaliyofuata. Jambo lililo wazi ni kwamba maelfu ya wakazi waliisoma kila karatasi peke yake.

Uchaguzi huanza mapema

Malalamiko kwamba wagombea wote hawafai mara nyingi hutolewa Julai, wakati majina yamekwisha kuchapishwa. Wagombea hupatikana miezi kadhaa kabla, katika mchujo na mikutano ya wajumbe wa vyama. Mkazi anayetaka sura tofauti anaweza kujisajili katika chama, kugombea ujumbe katika ngazi ya wadi, au kumsaidia mgombea huru kukusanya saini. Mgombea wa urais huhitaji saini za angalau wapiga kura 2,000 kutoka kila mojawapo ya kaunti zaidi ya nusu. Ni vyema pia kuthibitisha kupitia eCitizen kama jina halijaingizwa katika chama ambacho mwenyewe hakukichagua, kwa kuwa Wakenya wengi waligundua hali hiyo mwaka 2021.

La msingi kuliko yote ni usajili. Asiye katika daftari la wapiga kura hana uamuzi wowote wa kufanya siku ya uchaguzi, awe ameridhika au hajaridhika. Raia aliyetimiza umri wa miaka 18 anaweza kujisajili kwa kitambulisho cha taifa au pasipoti halali katika ofisi ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, ya eneo bunge lake. Aliyehama, kwa mfano kutoka Timau kwenda Embu mjini, anaweza kuomba kuhamishiwa kituo kipya. Usajili husimamishwa kabla ya uchaguzi, kwa hiyo ni busara kutosubiri wiki za mwisho.

Wakazi wa Meru na Embu wanahimizwa kufika katika ofisi hizo mapema, kuhakikisha majina yao yako sawa, na kutumia muda uliobaki kuwasikiliza wagombea wakiwa na maswali yao matatu mkononi. Huenda ifikapo Agosti bado hakuna anayevutia. Hata hivyo mmoja wao ataapishwa, atateua mawaziri, atazungumza na nchi zinazonunua mazao ya huku na kutia saini sheria za kodi kwa miaka mitano.